Stika ya Mlangoni: Hapa Tunampima Mtu



Mmezoea kutusoma tukizungumzia shela, mikono mirefu isiyobana na kitambaa kipi hakionyeshi mwili juani. Leo mtuvumilie kidogo, tunazungumzia stika. Zile karatasi za gundi zinazobandikwa kwenye bajaji, bodaboda, milango ya maduka na siku hizi mpaka kwenye ndoo za maji. Mtasema mafundi wa Nanyamba wamekosa kazi. Hatujakosa, msimu wa korosho ukifika hapa harusi zinafuatana mpaka tunalala na pini kifuani. Lakini jambo hili limetuhusu sana sisi na maharusi wetu, na tunaona wanawake hatulizungumzi.

Hapa kwetu, barabara ya kutoka Mtwara kwenda Tandahimba na Newala inapita mbele ya fremu yetu. Kaa kibarazani saa moja tu, utasoma mengi. Pikipiki inapita imeandikwa jina la Mwenyezi Mungu, bajaji inafuata na picha ya mchezaji mpira, ya tatu ina neno la kumtukana mwanamke ambalo hatuwezi kuliandika mbele yenu. Tuliwahi kumuuliza kijana mwenye ile bajaji kwa nini amebandika maneno yale na mama yake anapanda humo humo. Akacheka. "Ni stika tu, mama."

Ni stika tu. Sisi wanawake wa pwani ndio wa mwisho kulikubali hilo, maana tumelelewa na kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina lile si pambo. Kule Mombasa nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ilianza mwaka 1887 na kanga zake zinafahamika mpaka leo, na majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja hizi za Kizungu. Bibi zetu walijua kumjibu jirani bila kufungua mdomo: unajifunga, unapita mbele ya mlango wake, basi, amesoma. Wapo wanaosema huo ni umbea. Wakati mwingine ndiyo. Ila kanga ina uungwana mmoja ambao stika haina. Maneno ya kanga umeyavaa mwilini mwako, unaonekana nayo, na mtu akitaka kukuuliza anakukuta umesimama ndani yake. Stika mtu anabandika usiku anaondoka. Anayebaki nayo ni yule aliyebandikiwa.

Huku kusini tumeyaona maandishi ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 2013, wakati wa mvutano wa gesi, wawili kati yetu tulikuwa Mtwara mjini tukijifunza cherehani. Maneno "gesi haitoki" yalikuwa midomoni mwa watu wote, wakubwa kwa watoto. Vipeperushi vilipita mkono kwa mkono, havina jina la mwandishi, na Mei 22, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, mji ukawaka. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, wanajeshi wakaingia mitaani, familia zikakimbilia porini na vyungu vyao. Bomba likajengwa, likazinduliwa Oktoba 2015, gesi ikaenda Dar es Salaam. Hatutaki kurudia ule ubishi wa nani alikuwa na haki. Tunachokumbuka sisi ni namna watu wa kusini walivyopewa majina katika kipindi kile: wajinga, wabinafsi, watu wasiojua maana ya taifa. Ukipanda basi kwenda Dar es Salaam na lafudhi yako ya Kimakonde unaulizwa kwa kejeli, "Gesi yenu mmeiacha na nani?" Mwanafunzi wa cherehani aliyekuwa hajawahi hata kuona kisima cha gesi alikuwa anajibu kesi ya mkoa mzima.

Halafu ikaja korosho ya mwaka 2018. Bei ya mnada ilikataliwa, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo, na uhakiki ukaanza ili kuwatoa walanguzi, wale tunaowaita kangomba. Kangomba wapo, na wanaumiza wakulima, hilo hatulifichi. Lakini katika uhakiki ule neno lenyewe lilienea kama upupu. Mzee mwenye mikorosho aliyoirithi kwa baba yake, malipo yakichelewa, jirani anaanza kunong'ona kwamba huyo naye ni kangomba. Harusi ngapi zilisogezwa msimu ule! Tulikuwa na mashela yamening'inia ukutani miezi, tumeyafunika shuka yasile vumbi. Baba wa bi harusi mmoja alikuja kutuomba tusimtangaze kwamba hajamaliza kulipa, kwa sababu akisikika hana hela watasema ni kwa kuwa alikutwa na hila. Hakuwa na hila yoyote, alikuwa na magunia yaliyokuwa ghalani yanasubiri hela kama ya wenzake.

Ndiyo maana tunasema nchi ikitikisika, kitu cha kwanza kuibiwa ni jina la mtu. Mnaijua Suratul Hujurat, aya ya 11. Mwenyezi Mungu anawakataza watu kuwadharau wenzao, kisha anawataja wanawake peke yao, nao wasiwadharau wanawake wenzao, kisha anakataza kuitana majina mabaya. Tumeisikia kwenye darsa za ndoa tangu tukiwa wasichana, na daima tukafundishwa kuwa inahusu wifi na mke mwenza. Inahusu, ndiyo. Lakini inahusu pia stendi.

Sasa tuje kwenye lililotufanya tuandike. Hatutaji jina la mwali wala mtaa wake, ameturuhusu kwa sharti hilo.

Oktoba 2020 wavamizi kutoka upande wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, huku huku kwetu mkoani Mtwara. Waliua watu, wakachoma nyumba. Machi 24, 2021 vita ikaingia Palma, ng'ambo tu ya mto, na watu wakaanza kukimbia kwa miguu na kwa mitumbwi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilieleza mwaka huo kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kuja kutafuta hifadhi walirudishwa. Hofu ilikuwa ya kweli, dada zetu, msituhesabu miongoni mwa wanaosema watu waliogopa bure. Kuna usiku hatukuacha hata mlango wa uani wazi. Lakini mto ule ulifanywa mpaka na Wajerumani na Wareno katika karne ya 19, na Wamakonde wako kingo zote mbili, wanaoana, wanazikana. Kumwambia mtu wa huku kwamba ndugu yake ni yule wa huku tu ni sawa na kumwambia akate kanga doti moja vipande viwili halafu kila kipande akiite doti.

Mwali wetu alizaliwa huku, mama yake ni wa Palma. Anavaa nikabu, alianza kuivaa akiwa sekondari, miaka kabla ya vita hivyo. Alikuwa anauza vitumbua asubuhi kwenye kibanda cha kupanga na alikuwa ameposwa, mahari imeshafika nusu, sisi tumeshampima na kitambaa tumeshakata. Asubuhi moja alfajiri amekuta mlango wa kibanda umebandikwa. Neno moja: ALSHABABI.

Kilichotuumiza zaidi ni kwamba haikuwa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu na mtoto mtukutu. Ilikuwa stika ya plastiki, nyekundu, herufi zimekatwa kwa mashine, kingo zimenyooka. Maana yake mtu alikwenda mpaka mjini, akakaa kwenye kiti akasubiri, akatoa hela yake mfukoni. Na aliyekata herufi zile alizisoma.

Tuliibandua sisi watatu. Maji ya moto, mafuta ya taa, wembe. Plastiki ilitoka, gundi ikabaki, na vumbi likaingia kwenye gundi, kwa hiyo neno likaendelea kusomeka kwa rangi ya udongo. Mwenye kibanda, mtu mzima tunayemheshimu, akamwomba ahame kabla mambo hayajawa makubwa. Wateja wa vitumbua wakapungua, si kwa chuki, kwa woga tu wa kuonekana pale. Na baada ya wiki upande wa bwana harusi wakaleta ujumbe kwamba ndoa isogezwe mpaka hali itulie. Mnajua maana ya maneno hayo. Mwali aliposogezwa bila tarehe, mtaa mzima unahesabu kuwa ameachwa kabla ya kuolewa.

Aliyemaliza jambo lile ni bibi yake bwana harusi. Walikaa kikao, wazee wakazungumza kwa kirefu juu ya usalama na vitambulisho, bibi kanyamaza na ugoro wake. Mwisho akauliza, "Na mimi mtanirudisha lini?" Wajukuu wengine hawakuwa wakijua kwamba bibi amezaliwa ng'ambo. Nikahi ilifungwa alasiri, ndogo, bila muziki barabarani, pilau la sufuria mbili. Shela lile ni kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kushona, tulitia shanga mpaka pindo la chini ambalo hakuna mtu angeliona.

Baada ya pale tukaulizana: sisi wenye mlango, tunabandika nini? Maana yule mwingine ameshajua njia ya kufika milangoni mwa watu.

Tulizungumza siku nyingi tukiwa tunapiga pasi. Mdogo wetu, ambaye ndiye mwenye simu kubwa, akatuonyesha kwamba wenzetu nchi nyingine wamefanya stika kuwa sanaa kabisa. Yuko Mmarekani anaitwa Shepard Fairey, alianza mwaka 1989 akiwa mwanafunzi kwa kubandika stika za uso wa mcheza mieleka. Mwaka 2017, Trump alipoapishwa, huyo Fairey akatoa mabango na picha kadhaa za kutetea watu waliokuwa wanatishwa, na moja ni ya mwanamke Mwislamu aliyefunika kichwa kwa bendera ya Marekani. Ilibebwa kwenye maandamano ya wanawake Januari 21. Ni picha nzuri, mwanamke ana macho ya kutulia, haombi msamaha. Wapo Waislamu waliofurahi na wapo waliokasirika. Sisi kama mafundi wa hijabu tuligawanyika vile vile. Mdogo alisema ni ujasiri. Mkubwa wetu, tunayemwita shangazi, akasema heshima ya mwanamke isingoje mpaka avae bendera. Je, asipoivaa? Mwali wetu angefunika kichwa kwa bendera ya nani, akiwa na mama wa Palma? Tunakiri shangazi alitushinda kwa hoja, ingawa bado tunapenda yale macho.

Tuliyempenda sote ni wa karibu zaidi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Katika siku hizo za moto, mchoraji wa Kibera, Solomon Muyundo anayejulikana kama Solo 7, alizunguka na rangi na brashi akiandika kwenye kuta, milango, mawe, mpaka barabarani. Aliandika kwa Kiingereza kwamba amani inatakiwa ikiwa hai, akiwaiga wale wanaotangaza kumtafuta mhalifu. Hakumtaja mtu, hakumtaja kiongozi. Nairobi baadaye walikuja wengine waliochora wanasiasa kama tai wala mizoga, nao walikuwa na sababu zao na ukali wao una kazi yake. Lakini kwa mlango wa fundi nguo, ambako anaingia mke wa diwani na mke wa mpinzani wake, tulimwona Solo 7 ndiye mwalimu wetu.

Tatizo likawa maneno. Mmoja wetu alitaka "Acheni ubaguzi". Shangazi akakataa. "Ukimwambia mtu acha, atakuuliza wewe nani." Tukajaribu maneno ya hekima, yakawa marefu kama khutba. Siku hiyo tulikuwa na futi shingoni, tunampima mama mmoja mabega, na mdogo akasema huku ameshika pini mdomoni: "Si tuandike tunachofanya?"

Basi tukaandika tunachofanya. HAPA TUNAMPIMA MTU. Chini kwa herufi ndogo: hatupimi chama, kabila wala alikotoka. Pembeni kuna futi imejikunja. Uso wa mtu hatukuweka, hatutaki picha za nyuso mlangoni, na pia uso ukishauweka watu wataanza kuuliza ni wa nani. Tulichapa stesheneri kwenye karatasi ya stika, shilingi 2,000 kwa ukurasa, tukakata wenyewe kwa mkasi, tunajua kukata kwa unyoofu. Sharti letu ni moja: haibandikwi kwenye ukuta wala chombo cha mtu bila idhini yake. Ukiharibu rangi ya mtu kwa neno zuri umemdhulumu tu. Madereva wa bajaji wawili waliomba wenyewe. Yule wa "ni stika tu" hakuomba, ila tunaye jicho.

Isije ikaonekana ni jambo la bure. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2025 kikundi kimoja cha akina mama kilituletea oda ya magauni 40 ya kitenge cha kampeni, shilingi 15,000 ufundi wa kila moja. Tukafurahi, tukaanza kuhesabu. Kesho yake wakarudi wakaomba tuitoe ile stika, kwa kuwa neno "hatupimi chama" linaweza kusomwa vibaya na wageni wao. Walituomba kwa adabu, hatuna kinyongo nao. Tukawaeleza kwamba kitenge chao tutakishona kwa moyo wote na cha wengine tutakishona vile vile, ndivyo stika inavyosema. Wakapeleka kwingine. Shilingi 600,000 ni kodi ya fremu yetu ya mwaka mzima. Mmoja wetu alilia, tusidanganyane, ana mtoto anaanza kidato cha kwanza.

Kiongozi mmoja wa mtaa naye alisimama mlangoni akasoma mara mbili. "Hii ni ya chama gani?" Shangazi akamjibu, "Ya cherehani, baba." Akaondoka hajasema kitu. Siku mbili baadaye mkewe akaleta kitambaa.

Oktoba 29 yenyewe mnaikumbuka wote, huko visiwani na huku bara. Intaneti ilizimika, na Dar es Salaam ikatangaziwa amri ya kutotoka nje usiku. Tulikuwa na bi harusi wa Mafia aliyekuwa atutumie vipimo kwa simu, havikufika kwa siku kadhaa. Tulikuwa na ndugu Dar es Salaam tusiowapata. Watu walikuja kukaa kibarazani kwetu kwa sababu tu hawakuweza kukaa peke yao, kila mtu na simu mkononi isiyosema kitu. Ile siku ya pili walikaa kwenye benchi letu wanawake wawili ambao wakati wa kampeni walikuwa hawasalimiani, na waume zao mnaweza kukisia. Zamu ya mmoja ikafika ya kupimwa. Ana mtoto mchanga, akaangalia huku na huku amweke wapi. Yule mwingine akanyoosha mikono bila kusema neno. Tukampima mama taratibu kuliko kawaida, kifua, kiuno, nyonga, tukarudia mabega ambayo tulikuwa tumeshayapima.

Ninyi wa Pemba na Unguja hatuna la kuwafundisha hapa. Mnajua miaka ile baada ya uchaguzi wa 1995, watu wa kijiji kimoja walivyosusiana harusi na mazishi kwa ajili ya chama, mpaka maridhiano ya mwaka 2009. Waulizeni mama zenu nani hakuja kwenye harusi zao, na kwa nini. Kama mna saluni, duka la ubani au mnapaka hina, mna mlango na mna benchi.

Wengine mmetuandikia mkiomba stika zetu. Tutawatumia kwa basi mpaka Dar es Salaam, gharama ni ya nauli ya mzigo tu. Zile za kwanza zimepauka kwa jua, tuliweka nyekundu na nyekundu haivumilii jua la Mtwara. Safari hii tumechapa kwa nyeusi, na futi tumeichora ndefu kidogo.